Mwanangu ameziba kamera ya simu kwa plasta na halali usiku tangu aone muvi ya kutisha. Nifanyeje?

Mama Kibirizi (mleta uzi)
Habari za jioni ndugu zangu. Nipo Kigoma, nauza dagaa mwaloni Kibirizi. Naishi na mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 15, kidato cha pili. Ananiita mama, na kwangu ni mwanangu.

Wiki hii ni ya mbalamwezi, boti haziendi ziwani, kwa hiyo usiku nipo nyumbani. Ndipo nikagundua mtoto halali. Saa nane usiku namkuta amekaa kitandani, taa inawaka, simu ameificha chini ya mto. Kamera ya mbele ameibandika plasta ya kidonda. Nilipombana akasema ni muvi aliyowekewa kwenye flashi kule Mwanga. Mwanzo mpaka mwisho unaona kioo cha kompyuta tu: vijana wanaongea kwa video, anaingia mtu asiyejulikana, anawatishia kwamba siri zao anazo. Akaniuliza, "Mama, yule dada wa kwenye muvi angemwambia nani?" Nikamjibu muvi ni maigizo, lala.

Jambo jingine, sijui kama linahusiana. Kwenye kopo langu la mtaji imepungua elfu ishirini. Sijawahi kupotelewa na hela ndani ya nyumba hii. Nimnyang'anye simu? Nimpeleke kwa shehe asomewe? Naombeni ushauri, nimechanganyikiwa.

Mpenda Muvi
Pole sana mama. Inaelekea ni Unfriended ya 2014, ndiyo iliyoupa umaarufu mtindo huo. Mtayarishaji wake Timur Bekmambetov ameendelea kutoa nyingine za namna hiyohiyo. Zinatisha kwa sababu hazihitaji gofu la nyumba wala msitu. Zinatumia vitu ambavyo mtoto anavishika kila siku: mlio wa ujumbe, vile vinukta vya mtu anayeandika, sura inayokwama mtandao ukiwa dhaifu. Muvi ikiisha, kioo kilichomtisha bado kipo mkononi mwake.

Mwonyeshe zinavyotengenezwa. Host ya 2020 ilipigwa wakati wa korona. Kila mwigizaji alikuwa kwake, akijipangia kamera na taa mwenyewe, na mwongozaji Rob Savage akiwaelekeza kwa mbali. Haifiki hata saa moja. Mtoto akijua kuna mtu anavuta kamba pembeni, hofu inapungua.

Fimbo Moja
Muvi gani inaiba elfu ishirini? Nyang'anya simu, viboko vitatu, kesho atalala. Sisi tulilelewa hivyo na tukanyooka.

Mwalimu wa Isevya
Nafundisha sekondari hapa Tabora. Dada, soma tena ulichoandika. Mtoto anayeogopa jini la kwenye muvi haibi hela. Anayeiba ni anayedaiwa. Na lile swali, "angemwambia nani", halikuwa la muvi. Alikuwa anakupima kama wewe unaweza kuambiwa.

Nimeyaona haya kwa wanafunzi wangu. Kijana anaombwa urafiki na akaunti yenye picha ya msichana. Siku mbili tatu wameshapendana, anaombwa picha ya utupu. Akishatuma tu, maneno yanageuka: lete hela, la sivyo naituma kwa ndugu zako wote. Na orodha ya marafiki zake huyo mtu ameshaichukua.

Usimnyang'anye simu leo. Ukiichukua, vitisho vinaendelea huku yeye hajui kinachoandikwa, na hapo ndipo mtoto anaweza kujidhuru. Usimwache peke yake usiku huu. Kaa naye, uanze wewe kusema: "Hata kama umetuma kitu, mimi sikufukuzi." Hayo kwanza. Habari ya kopo iache mpaka siku nyingine.

Mzee wa Gungu
Namuunga mkono mwalimu. Mama, nenda kwa mtoto sasa hivi, humu utarudi baadaye.

Mama Kibirizi
Mrejesho. Mwalimu, Mungu akuweke. Nilimwambia maneno yako kama yalivyo. Alinyamaza mpaka nikasikia adhana ya alfajiri, ndipo akalia kilio ambacho sijakisikia tangu tumzike mama yake.

Ni kama ulivyosema. Wiki tatu sasa. Aliwatumia ile elfu ishirini, wakataka hamsini. Na ile muvi hakuiona kwa bahati. Aliitafuta. Alisikia inahusu watu wanaotishiwa mtandaoni, akataka aone wale vijana walitokaje. Hakuna aliyetoka, wote wanakufa. Mimi nikamwambia ni maigizo, lala.

Huyo mtu ametoa muda mpaka saa mbili usiku wa leo. Nifanye nini?

Mwalimu wa Isevya
Usitume hata shilingi. Anayelipwa leo kesho anarudi na bei mpya, umeshaona mwenyewe. Msifute mazungumzo. Pigeni picha kioo kinachoonyesha jina la akaunti, vile vitisho, namba iliyopokea hela na ujumbe wa muamala. Kisha mfungieni njia zote, msimjibu tena. Namba ya hela iripotini kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Mchana huu nendeni polisi na simu yenyewe, mwulizie Dawati la Jinsia na Watoto.

Ile picha usiirushe kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu anayesema anataka kusaidia. Picha ya utupu ya mtoto ni kosa kuisambaza chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na sheria hiyohiyo ndiyo itakayombana huyo mnyanyasaji. Mpe mtoto pia namba 116, simu ya watoto, ni bure. Kuna mambo ataona haya kukwambia wewe.

Mpenda Muvi
Nilikimbilia muvi nikamwacha mtoto, nisamehe mama. Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Picha haitoki kwenye simu yenu. Simu inaigeuza kuwa mfuatano wa herufi na namba, huo ndio unaotumwa, na mitandao kama Facebook na Instagram inautumia kuizuia ikipandishwa kwao. Fanyeni leo kabla ya saa mbili.

Na siku ukitulia, tazama Searching ya 2018. Nayo yote ni vioo vya kompyuta na simu: baba anafungua kompyuta ya binti yake aliyepotea na kukuta hakumfahamu. Hiyo ni ya wazazi.

Fimbo Moja
Mama, neno langu la viboko nalifuta. Nina kijana wa umri huo huku Kasulu. Leo nalala chumba chake.

Mama Kibirizi
Siku ya nne leo. Polisi alitupokea askari wa kike, akamketisha mtoto na kumwambia, "Mwanangu, hapa wewe hushtakiwi." Maelezo yameandikwa. Saa mbili ile tulikaa wote mkekani, simu katikati yetu imezimwa. Asubuhi tukaiwasha. Mpaka sasa hakuna ndugu aliyepiga kuuliza kitu. Juzi amelala mpaka kukapambazuka.

Mbalamwezi imeisha, boti zimeanza kutoka. Ameniomba alfajiri nimwamshe tushuke wote mwaloni kupokea dagaa. Plasta bado ipo kwenye simu, sijamwambia aitoe.