Sheikh Al-Amin Mazrui: alipokubali ukadhi, kalamu aliiweka chini?

Mleta mada
Juzi barazani Kibokoni, Mombasa, mzee mmoja alikuwa akimsifu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kwamba aliandika bila kumwogopa mtu. Nikamwuliza: mbona basi gazeti lake lilikufa mwenyewe yu hai? Kahawa ikatupoa mikononi.

Kwa wasiomjua: 1930 alianza na kikaratasi, Sahifa. 1932 akatoa Al-Islah, gazeti la kila wiki. Aliwasema Waislamu wa pwani kwa uvivu wa elimu, kwa kuwanyima wasichana masomo, kwa mali iteketezwayo matangani, kwa kuiga Wazungu hata pasipo maana. Kisha akawa kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu, hadi alipofariki 1947. Al-Islah halikudumu. Bendera ya pwani ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, lakini mshahara wa kadhi ulitoka kwa Mwingereza. Nionavyo mimi, kiti kile kilimnyamazisha kwa upole kuliko polisi.

Wa Likoni
Yakhe, punguza! Waandika kama kwamba alipewa shamba. Gazeti ni la mwenye kujua kusoma. Kadhi humfaa hata asiyejua alifu wala be. Bibi yangu alipofiwa, mashemeji walikuwa washagawana minazi kabla ya arubaini. Akaenda kwa kadhi na buibui la kuazima, akarudi na thumuni yake: minazi 24, yake 3. Alikuwa akiihesabu kila jioni, akiigusa mmoja mmoja. Makala gani ingempa minazi?

Mleta mada
Thumuni nakubali, Mungu amrehemu bibi. Lakini lau kadhi angemdhulumu, nani angeliandika hilo?

Wa Majengo
Mwasahau kuwa makala zile zilikusanywa kitabuni, Uwongozi, na hadi leo zasomwa. Tena mtazameni mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Huyu alianza na kiti: Kadhi Mkuu 1963 hadi 1968. Gazeti lake, Sauti ya Haki, akalitoa miaka ya 1970, ameshatoka ofisini. Labda aliona mwalimu wake alivyobanwa. (Dhana yangu hiyo, msinishitaki.)

Wa Likoni
Alibanwa wapi? Aliacha mtoto wa miaka 14, Ali, akaja kuwa profesa ambaye mdomo wake ulimtoa Uganda ya Idi Amin. Ule ujasiri aliuokota Makadara?

Mleta mada
Haya, nyumbani hakunyamaza. Mimi naulizia mji. Na sisemi alinunuliwa, neno hilo nalifuta kabla hamjaniwekea. Nasema mhariri alipohamia upande wa pili wa meza, upande huu ulibaki mtupu, na mtupu ulikaa muda mrefu. Kiti hata Katiba ya Kenya ya 2010 imekilinda, kifungu cha 170: ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Kila siku wanawake wapanda ngazi za mahakama hizo na bahasha zao za vyeti. Nani achambua hukumu zinazotoka mle, kwa Kiswahili, wiki baada ya wiki, kama alivyoyachambua yeye matanga yetu?

Mwenye makala moja tu ya aina hiyo ailete hapa. Kahawa ya baraza zima juu yangu.

Wa Majengo
Na tende?

Mleta mada
Na tende. Lete makala kwanza.