Mrejesho: ripoti ya mashine pepe na seva zake sasa inatoka kamili

Wakuu, habari za huko. Niliuliza namna ya kupata, kwa skripti ya PowerCLI (zana ya amri za kusimamia mifumo ya VMware), faili moja lenye mashine pepe zote (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) za ofisini kwetu hapa Tanga pamoja na modeli, prosesa na RAM ya seva inayozibeba. Imekubali, nawashukuru sana.

Ushauri uliofungua njia ni ule wa kusoma seva kwanza. Amri ya Get-VMHost, inayosoma seva, inaitwa mara moja tu, majibu yanawekwa kwenye jedwali kwa jina la seva. Kisha amri ya Get-VM inaleta mashine pepe, skripti inapita moja moja na kuchokoa Model, ProcessorType na MemoryTotalGB humo jedwalini, bila kuisumbua vCenter (mfumo mkuu unaosimamia seva zote) upya kila mara. Kasi imebadilika kabisa.

Safu ya anwani za IP ilikuwa inatoka "System.String[]". Kumbe mashine moja huweza kuwa na anwani kadhaa, na Export-Csv, amri inayoandika faili, haiandiki orodha ndani ya kisanduku kimoja. Dawa yake:

$vm.Guest.IPAddress -join ', '

Mashine iliyozimwa au isiyo na VMware Tools (programu ya ndani ya mashine inayotoa taarifa zake), msishangae safu hiyo ikibaki tupu.

Bosi alipofungua faili kwenye Excel aliona papo hapo kwamba mashine za uhasibu zote zimerundikana kwenye seva kongwe kuliko zote. Tumeanza kuzihamisha, na kwa kweli nimefurahi mno.

Zimebaki namba tambulishi (serial number) za seva. Nitazichukua kwa amri ya Get-EsxCli, upande wa hardware.platform.