Siku mbili Yosemite mwishoni mwa Mei: nipite wapi, na kamera niiweke vipi kwenye maporomoko?

Mgeni_Fresno

Wakuu, salaam. Nipo Fresno, California, kwa kozi fupi, na wiki ya mwisho ya Mei nina siku mbili za kwenda Hifadhi ya Taifa ya Yosemite. Nayataka maporomoko ya Vernal, Nevada na Yosemite Falls, pamoja na vilele vya graniti, Half Dome kwanza. Kamera ni ya kawaida yenye lenzi ya 18-55, tripodi ninayo, filta (kioo cha kuvalisha mbele ya lenzi) sina hata moja. Kutembea kilomita 10 au 12 za mlima hakunisumbui.

Nianzie wapi na saa ngapi? Nikiwa na pesa ya filta mbili tu, ninunue zipi? Picha zangu za maporomoko ya Sanje kule Udzungwa zilitoka maji meupe pe, hata mstari mmoja hauonekani, na lenzi ilijaa matone. Kosa liko wapi? Na Half Dome inapandika kwa siku moja?

(Saa zote nahesabu kwa Kiswahili.)

Jabali

Mkuu, wiki uliyochagua ni nzuri mno. Mei theluji ya milima ya Sierra Nevada inayeyuka kwa wingi na maporomoko yote yamejaa. Yosemite Falls ina urefu wa mita 739 ukijumlisha sehemu zake tatu, lakini ukija Agosti mara nyingi unakuta ukuta mkavu.

Siku ya kwanza ipe Vernal na Nevada. Uwe umeegesha gari kabla ya saa 1 asubuhi, maana kufika saa 3 nafasi bondeni zinakuwa zimekwisha. Panda basi la bure la hifadhi, shuka kituo cha Happy Isles, kisha ufuate Mist Trail. Daraja la miguu lipo kilomita 1.3 kutoka mwanzo wa njia, na hapo ndipo unapoiona Vernal (mita 97) kwa mara ya kwanza. Baada ya daraja kuna ngazi za graniti zaidi ya 600, na Mei zinalowa mfululizo kwa manyunyu. Juu ya Nevada (mita 181, imeizidi Sanje kidogo) ni kilomita 4.3 kutoka chini, na utakuwa umepanda kama mita 600.

Zingatia hili: kushuka usirudi kwenye zile ngazi. Jiwe lililolowa ni baya zaidi wakati wa kushuka, kwa sababu uzito wote unatua kwenye mguu wa mbele, na watu wanaopanda wanakusukuma upande usio na kizuizi. Ukishafika juu ya Nevada, vuka daraja urudi kwa John Muir Trail. Ni ndefu zaidi, ila ni kavu zaidi, na picha ya Nevada ikiwa na kilele cha Liberty Cap nyuma yake inapatikana ukiwa njia hiyo. Mzunguko wote ni kama kilomita 10. Tenga saa sita pamoja na muda wa kupiga picha.

Siku ya pili, asubuhi nenda Yosemite Falls, kwani ukuta ule unapata jua la asubuhi. Kuifikia Lower Fall ni matembezi mepesi. Ukitaka kimo, panda hadi Columbia Rock: kilomita 1.6 kwenda, mita 300 juu, na Half Dome inakaa mbele yako. Jioni malizia Tunnel View, jua likiwa nyuma yako na kuangaza mwamba wa El Capitan na maporomoko ya Bridalveil kwa pamoja.

BintiMto

Kaka, nijibu la kamera. Maji meupe pe yanatokana na mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kamera inapima picha nzima, na mwamba uliolowa ni mweusi, hivyo inaongeza mwanga ili mwamba uonekane wa kijivu. Maji yanaungua. Tumia ile alama ya +/− uiweke −1, piga, kisha angalia histogramu, yaani mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera: usigonge ukuta wa kulia. Piga RAW (faili ghafi ya kamera), kwa sababu kivuli unaweza kukiinua baadaye lakini cheupe kilichoungua hakirudi.

La pili ni kuacha shata wazi muda mrefu kupita kiasi. Maporomoko membamba ya kiangazi hupendeza kwa sekunde 1 au 2. Maji ya Mei ni mengi, ukifika hapo yanakuwa shuka moja isiyo na nyuzi. Anza na 1/8 hadi nusu sekunde.

Filta ya kwanza kununua ni polaraiza ya duara. Inaondoa mng'ao kwenye mwamba uliolowa na majani, na inakula mwanga kama stopu mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu). Ya pili ni ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 6. Hesabu yake ni hii: ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/11 (upana wa tundu la lenzi), mwamba ukiwa kivulini utapata kama 1/30 ya sekunde. Vaa polaraiza, inakuwa 1/8, tayari umefika bila ND. Juani, f/11 ni kama 1/250. Polaraiza inaishusha hadi 1/60, na ukiongeza ND ya stopu 6 unapata sekunde 1; fungua hadi f/8 upate nusu sekunde. Kwa hiyo asubuhi Vernal ikiwa bado kivulini, ND haihitajiki kabisa. Usikimbilie f/22 badala ya filta; kwenye lenzi hiyo picha nzima inapoteza ukali.

Juu ya daraja la Vernal usisimamishe tripodi katikati. Kila anayepita analitikisa, na nusu sekunde inatosha kuharibu. Iweke kwenye ardhi pembeni ambapo haizibi njia, nguzo ya kati ikiwa imeshushwa.

Kivuli_cha_Saa_Kumi

Nakubaliana na BintiMto, isipokuwa ukiwa kwenye ngazi zenyewe. Pale manyunyu yanakuja kwa upepo na lenzi inalowa ndani ya sekunde mbili tatu. Tripodi haina kazi, na inazuia watu mahali pembamba. Shika kamera mkononi, 1/1000, ISO 400 hadi 800, f/5.6, upate matone yakiwa yamesimama hewani. Picha za maji laini zipige ukiwa mbali: darajani, au John Muir Trail.

Matone kwenye lenzi: beba vitambaa vinne vya lenzi ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, kwa kuwa kimoja kikishalowa kinapaka tu maji. Kamera ielekee chini mpaka umeshapanga picha kichwani, futa, inua, piga mara tatu, shusha. Usibadilishe lenzi kwenye manyunyu. Ndani ya begi weka mfuko mkubwa wa taka, hata kama begi linadaiwa haliingii maji.

Upinde wa mvua una jiometria yake. Jua liwe mgongoni, na upinde unakaa nyuzi 42 kutoka pale kichwa cha kivuli chako kinapoelekea. Jua likiwa juu ya nyuzi 42, upinde unazama chini ya usawa wa macho, kwa hiyo saa 6 mchana utauona tu ukiwa juu ya ngazi ukitazama manyunyu yaliyo chini yako. Mwishoni mwa Mei jua linashuka chini ya kipimo hicho mnamo saa 10 na nusu alasiri, na ndipo Bridalveil inapoanza kuvaa rangi. Hapo izungushe polaraiza taratibu huku ukitazama: upande mmoja inakoleza upinde, upande mwingine inaufuta kabisa. Wengi wanarudi bila upinde bila kujua filta ndiyo iliyoumeza.

Jabali

Half Dome: kupanda sehemu ya mwisho yenye nyaya za kushikilia, kama mita 120, lazima uwe na kibali. Vinatolewa kwa bahati nasibu ya Machi, na kuna nyingine ya kila siku unayoomba siku mbili kabla. Kwenda na kurudi ni kilomita 22 hadi 26 na mita kama 1,460 za kupanda, juu ya uwezo uliotaja. Tena nyaya kwa kawaida husimamishwa mwishoni mwa Mei, kwa hiyo tarehe zako zipo ukingoni. Ukipata kibali na ukaona mawingu yanajikusanya, geuka: kilele ni graniti tupu, radi haina pa kupiga zaidi yako na zile nyaya.

Kwa picha, Half Dome ni nzuri zaidi ukiwa chini yake au mkabala nayo. Jioni simama Sentinel Bridge, mto Merced ukitulia unapata taswira yake majini. Glacier Point (mita 2,199) ni bora kuliko zote, ila angalia tovuti ya hifadhi kama barabara imefunguliwa baada ya theluji. Ukitaka nyeusi na nyeupe, mpiga picha Ansel Adams mwaka 1927 alitumia filta nyekundu kuitia giza anga nyuma ya uso wa Half Dome. Wewe shusha rangi ya buluu kwenye programu ya kuhariri picha, matokeo yanakaribia.

Mgeni_Fresno

Nimewaelewa, asanteni sana. Half Dome nitaipiga kutoka Sentinel Bridge. Je, lile bwawa la kijani juu ya Vernal, watu wanaruhusiwa kuoga? Na chakula kikibaki garini usiku?

BintiMto

Usiingie majini, kaka. Emerald Pool inaonekana imetulia, lakini maji ni theluji iliyoyeyuka jana, mwili unakufa ganzi haraka, na mkondo unakwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa Vernal. Mwamba wa kandokando umesuguliwa na barafu ya kale ukawa kama kioo. Hata mkavu unateleza. Baki ndani ya vyuma vya kizuizi, na picha ya ukingo ipige ukiwa nyuma ya vyuma hivyo.

Chakula hakilali garini. Dubu anavunja mlango kwa harufu ya biskuti, hata ya dawa ya meno. Kiweke kwenye kabati la chuma lililopo unapolala, ulifunge kwa komeo kila unapoondoka, hata kama unakwenda msalani tu.