Medabots Metabee, Medabots Rokusho, AX au Robopon Sun: tuchukue ipi?

Dogo_Betri:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mdogo wangu tunatafuta gemu ya kukusanya roboti na kuzipiganisha. Kila mmoja ana Nintendo DS Lite yake. Muuzaji ana kaseti nne: Medabots toleo la Metabee, Medabots toleo la Rokusho, Medabots AX na Robopon Sun. Hela inatosha mbili tu. Tungependa pia kubadilishana roboti. Naombeni ushauri.

Fundi Kaseti:
Robopon Sun iondoe kabisa. Hiyo ni kaseti ya Game Boy Color, na DS Lite inasoma za Game Boy Advance (GBA) na za DS zenyewe, basi. Inasikitisha, maana kaseti yenyewe ni ya ajabu: ina kispika na betri yake ndani, inaweza kukulilia hata mashine ikiwa imezimwa. Ukiitaka, tafuta Game Boy Advance au Game Boy Advance SP.

Jambo la pili ni zito zaidi. DS Lite haina tundu la kebo ya kuunganisha, kwa hiyo gemu za GBA ukizicheza humo ni za mtu mmoja. Kubadilishana na mdogo wako sahau, hata mkinunua Metabee na Rokusho zote mbili.

Dogo_Betri:
Duh, hilo la kebo sikulijua kabisa. Asante mkuu. Kwa hiyo ni AX au hizi mbili za Medabots?

Mama Gemu:
Kwanza uelewe kwamba AX (2002) ni gemu nyingine kabisa. Ni mapigano ya papo kwa papo: unaruka, unapiga risasi, unakwepa. Watoto wanaifurahia jioni moja, lakini anayependa kufikiri haimshibishi.

Medabots ya 2003, yaani hizo za Metabee na Rokusho, ndiyo unayoitafuta. Chimbuko lake ni Medarot 2, iliyotoka Japani mwaka 1999 na baadaye ikaundwa upya kwa GBA. Kila roboti ina kiunzi, medali ambayo ndiyo akili yake, na viungo vinne: kichwa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto na miguu. Kila kiungo kina uhai wake. Mkono ukivunjika, silaha ya mkono huo imekwenda, lakini roboti inaendelea kupigana na kilichobaki. Kichwa kikivunjika, imezimika. Mnapigana watatu kwa watatu, na kiongozi akianguka pambano limekwisha hata kama wenzake wawili wako wazima. Mshindi anachukua kiungo cha aliyeshindwa. Hapo ndipo utamu ulipo: unamtazama adui mwenye mkono unaoutamani, unajua ukimshinda huenda ukaondoka nao.

Usipuuze miguu. Kuna ya magurudumu, ya minyororo kama kifaru, ya kuelea, ya majini, na uwanja ukibadilika faida nayo inabadilika. Mimi huwa naitazama miguu kabla ya silaha.

Nahodha_77:
Naunga mkono kuhusu AX. Ila kati ya matoleo mawili mimi ni Metabee bila kusita. Ndiye roboti unayeanza naye: kulia bastola, kushoto bunduki ya rasharasha, kichwani makombora. Unapiga ukiwa mbali, na mgeni anaelewa haraka.

Mama Gemu:
Nahodha kaka, hapo hatukubaliani. Rokusho ana upanga kulia na nyundo kushoto, na pigo la karibu humwangukia adui aliye jirani zaidi na mstari wa kati wa uwanja, ambako kila roboti hukimbilia ili ipige kisha ikarudi nyuma. Kwa hiyo unapaswa kuangalia nani amekimbia kufika katikati na nani bado anarudi nyuma, ndipo uamue. Hiyo ndiyo roho ya gemu hii. Makombora ya kichwani kwa Metabee nayo yana idadi, yakiisha kwenye pambano yameisha.

Nahodha_77:
Sawa dada, lakini anayeanza akipoteza mapambano ya mwanzo atachoka. Metabee anamvumilia.

Fundi Kaseti:
Dogo, hadithi ni ile ile katika matoleo yote mawili. Tofauti ni roboti ya kuanzia na baadhi ya viungo. Kwa kuwa kila mmoja ana mashine yake na kebo haipo, chukueni Metabee na Rokusho, kisha mbadilishane kaseti zenyewe. AX iacheni dukani.

Kabla hujatoa hela, chungulia sehemu ya meno ya shaba chini ya kaseti. Ya kweli ina neno Nintendo limechapwa kwenye ubao juu ya meno hayo, na lebo ya mbele ina namba ndogo iliyobonyezwa kwenye karatasi, unaiona ukiinamisha kwenye mwanga. Nyingi za kughushi hazihifadhi mchezo. Mwambie muuzaji aiwashe, uhifadhi, uzime, uwashe tena ukiwa hapo hapo.