Naomba ushauri: muuza mbwa ananihoji kama naposa binti yake

Baba Wawili
Wakuu, habari za jioni. Nipo Goba, Dar. Nyumba ina ukuta na geti, watoto ni wawili (miaka 9 na 5). Mwaka jana wezi waliruka ukuta wakaondoka na pampu ya maji na nguo zote za kwenye kamba. Tangu siku hiyo mama watoto anataka mbwa. Mimi naye tangu utotoni nina ugonjwa wa German Shepherd. Safi, sitaki chotara.

Nimepata wauzaji wawili. Wa kwanza nimemkuta Instagram. Anauza laki nne, watoto wana wiki tano, anasema "chanjo zote tayari". Nikituma hela leo, kesho alfajiri anampakia kwenye basi.

Wa pili ni mzee mstaafu, yuko Usa River kule Arusha. Ana majike mawili tu. Anataka laki nane na nusu, na hata hiyo hela hajataka kuipokea! Kaniuliza nani anashinda nyumbani, ukuta una urefu gani, mbwa atalala wapi, tukihama itakuwaje. Kaomba picha za ua. Nikasema basi nipe dume na jike wasiwe wapweke, kakataa. Wake wana wiki nne, nikaomba nimchukue sasa hivi, kacheka tu akasema nimpigie wakitimiza nane. Halafu kuna karatasi ya kusaini: nikishindwa kumfuga namrudisha kwake, siuzi wala sigawi.

Wife anasema huyo mzee ana lake jambo. Hela ni yangu, kwa nini nihojiwe kama naposa?

Kijana wa Kimara
Mkuu, huyo wa basi usimtumie hata mia. Mimi nilishapigwa. Nilimpokea mtoto stendi ya Mbezi saa tatu usiku, kwenye boksi la biskuti lililotobolewa matundu kwa kisu. Amelowa mkojo, anatetemeka, lakini mzuri huyo, masikio yameanza kusimama. Siku mbili akacheza. Ya tatu akakataa maziwa, akatapika povu la njano. Ya nne akaanza kuharisha damu. Ile harufu ukiisikia mara moja unaijua maisha yako yote. Drip, sindano, nikamaliza laki mbili na nusu nyingine. Siku ya sita alfajiri nikamkuta amelala karibu na bakuli la maji, ameshakuwa wa baridi.

Pavo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu. Muuzaji nikimpigia, namba haipatikani.

Kadi ya chanjo niliitazama vizuri baada ya kumzika. Chanjo ya kwanza ilikuwa na tarehe ambayo mtoto alikuwa na siku kumi na mbili tangu azaliwe.

Dkt wa Mifugo
Pole sana Kimara. Hao tunaletewa kila mara.

Baba Wawili, hakuna mtoto wa wiki tano duniani aliyemaliza chanjo. Mama anampa mtoto kinga kupitia maziwa ya siku za kwanza, na kinga hiyo hiyo ikiwa bado mwilini inaimeza chanjo, haifanyi kazi. Haifi siku moja kwa watoto wote, ndiyo maana tunaanza wiki ya sita hadi ya nane, tunarudia kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka afikishe walau wiki 16. Ya kichaa cha mbwa inaanza miezi mitatu. Kwenye kadi tafuta stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, ina namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Ukikuta kalamu na muhuri peke yake, piga simu kwa daktari aliyeandikwa pale.

Minyoo nayo usiisahau. Watoto huzaliwa nayo tayari, wakaongezewa nyingine kwenye maziwa. Mfugaji makini anaanza dawa wakiwa na wiki mbili na anarudia kila wiki mbili. Ukiona tumbo kama ngoma na mbavu zinahesabika, hiyo si shibe.

Na Kimara, virusi vya pavo vinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sakafu ya saruji ioshe kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, iache dakika kumi. Kwenye udongo jiki haisaidii. Usilete mtoto mwingine hapo kwa sasa. Ukitaka mbwa, chukua mkubwa aliyekwisha chanjwa.

Bi Mkubwa Tanga
Mwanangu, mimi nimefuga hao miaka ishirini, nakujibu la mzee kukunyima wawili. Ndugu wa tumbo moja ukiwalea pamoja wanasikilizana wao kwa wao, wewe unabaki mpishi wao. Na dume na jike? Jike anaingia joto hata akiwa na miezi sita au saba, na dume hajui kama yule ni dada yake. Mzee kakuepusha na aibu hiyo.

Kusubiri wiki nane nako kuna maana. Mtoto anajifunza kuuma kwa kipimo kwa mama yake na ndugu zake: akizidisha, mwenzie analia na mchezo unakufa. Aliyetolewa mapema anakuja kujifunzia kwenye mikono ya huyo wako wa miaka mitano.

Nenda Usa River mwenyewe. Omba kumwona mama, si picha yake. Mama mwoga au mkali bila sababu, rudi zako nyumbani. Mtazame akiinuka kutoka kulala: anainuka mara moja au anajikokota kwa nyuma? German Shepherd nyonga zinamtesa na ugonjwa unarithiwa. Muulize mzee kama wazazi walipigwa picha za X-ray za nyonga, na dume alitoka wapi. Akisema dume ni kaka wa jike, aga kwa heshima.

Nawe ongea na majirani kabla. Hapa kwetu nusu ya mtaa wanakwenda msikitini alfajiri. Mbwa wa ulinzi hakuna anayenigombeza, ila geti langu halijawahi kuachwa wazi.

Wa Ngong Road
Niko Nairobi. Huku mfugaji wa maana anaandikisha watoto wake East Africa Kennel Club, kila mmoja anapata cheti chenye majina ya wazazi. Lakini cheti kinakuambia ukoo tu. Afya hakikuambii kitu. Nimeona mbwa wenye makaratasi mazuri ajabu wakiburuta miguu ya nyuma wakiwa na miaka miwili.

Kichwa Kigumu
Laki nane na nusu kwa mbwa? Chukua wa kienyeji mtaani, bure, anakula chochote, homa ya kupe haimwangushi ovyo. Wezi hawaombi cheti.

Dkt wa Mifugo
Kichwa Kigumu hajakosea sana. Wa kienyeji ni mlinzi mzuri, ila naye anahitaji chanjo zile zile. Kichaa cha mbwa hakichagui. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na halmashauri nyingi huchanja bure karibu na tarehe hiyo. Shepherd, Baba Wawili, weka bajeti ya dawa ya kupe mwaka mzima.

Baba Wawili
Mrejesho, wakuu. Jumamosi nilikwenda Usa River.

Sikuuona uzio wa maonyesho wala bango. Watoto sita wako kwenye kibaraza cha jikoni, redio inaongea, wajukuu wanawaruka. Mama yao alikuja akaninusa viatu, akanusa mfuko wa suruali, akaenda kulala kivulini. Aliinuka mara mbili nikiwa pale, sawasawa. Picha za nyonga zake mzee anazo kwenye bahasha. Za dume hana, dume ni wa rafiki yake Moshi, kanipa namba nimpigie. Hilo bado linanikera kidogo, lakini hakunificha.

Nilimpenda mmoja mweusi, mtundu, alining'ata kamba ya kiatu mpaka ikafunguka. Mzee kasema hapana, huyo anamtaka mtu asiye na watoto wadogo. Kanichagulia jike wa rangi ya kawaida, ametulia. Nimebisha robo saa nzima. Nimeshindwa.

Nimelipa laki mbili, kaniandikia risiti kwa mkono. Wiki mbili zimebaki. Nitamfuata kwa gari, basi hapana. Karatasi ya kumrudisha nimesaini, na wife aliisoma yote akasema afadhali na sisi tungesainishana kitu kama hiki.

Watoto wanataka aitwe Simba.

Bi Mkubwa Tanga
Jike aitwe Simba? Mtaani kwangu wapo wanne tayari. Nikiita mmoja, wanakuja wote na njaa zao.