Mnahamisha ofisi kwenda Linux, michoro yetu mnamwachia nani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikirefusha.

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, huu mwaka wa kumi na moja. Tunafunga kwenye maofisi, mahoteli na zahanati. Kazi ikiisha lazima tuchore: ruta iko wapi, swichi (kifaa kinachougawa mtandao kwa kompyuta nyingi) ipo ghorofa gani, kebo namba fulani inatoka poti ipi, yaani tundu lipi la kuchomekea, na kuingia poti ipi. Fundi aliyefunga anaweza kuacha kazi au kuhama mji, lakini mchoro unabaki. Siku mtandao ukikata saa nane usiku, mchoro ndio unaokuonyesha pa kushika.

Miaka yote hiyo tumechorea Visio, programu ya Microsoft ya kuchora michoro, inayotumika kwenye Windows. Ikaja Oktoba 14, 2025, Windows 10 ikaachwa kuhudumiwa. Laptopu zetu nyingi zina prosesa za Intel Core i5 za kizazi cha sita na cha saba, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Bosi alipopigiwa hesabu ya mashine mpya akakataa, akaambiwa dawa ni Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Hapo sina ugomvi naye hata kidogo. Linux naijua, sava zetu ziko humo miaka yote, na mashine ile ile iliyoambiwa imezeeka inakimbia vizuri. Ugomvi wangu ni kwamba uamuzi ulifanyika bila kuulizwa mtu hata mmoja anayechora.

Mtaalamu aliyeletwa alikuja Ijumaa mchana. Nikamfuata: "Kaka, na michoro ya Visio itakuwaje?" Akanijibu huku anaendelea kuchomeka flashi: "Ondoa shaka, kuna programu za bure, zitafunguka tu." Nikamwomba tubakize walau mashine moja yenye Windows mpaka tuhakikishe. Akasema ameagizwa amalize zote. Jumatatu asubuhi zote zilikuwa zimefutwa. Mafaili yalikuwepo kwenye diski ya nje, lakini hakuna hata mashine moja ofisini iliyobaki na programu iliyoyatengeneza.

Na kweli yalifunguka. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mchoro kufunguka na mchoro kufanya kazi ni mambo mawili tofauti kabisa. Kwenye mchoro wa mtandao, mstari haukuchorwa tu kati ya maboksi mawili, umegandishwa. Ukisogeza swichi, kebo zake zote zinaifuata. Na ndani ya boksi kuna taarifa zilizojazwa: anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao), namba ya kifaa, tarehe ya kufungwa. Tulivyofungua kwa programu tuliyopewa, tuliona picha ile ile, rangi zile zile, bosi akafurahi. Nikagusa swichi moja, nikaisogeza sentimita mbili. Mistari yote ishirini na nne ikabaki pale pale inaelea, haijashika kitu. Nikabofya boksi kutafuta anwani ya IP, tupu.

Wiki mbili baadaye kijana wetu mmoja alikuwa amepanga upya mchoro wa zahanati moja ili uingie kwenye karatasi ya A4. Alisogeza maboksi, mistari akaivuta kwa mkono mmoja mmoja, na miwili ikaangukia poti za jirani. Hakujua, na angejuaje? Mteja akapiga simu usiku kwamba maabara haina mtandao. Nikaenda, nikasimama mbele ya reki, lile kabati la vifaa vya mtandao, na karatasi mkononi, nikachomoa kebo ya poti 17 kama mchoro ulivyosema. Nilikuwa nimechomoa mapokezi. Wagonjwa wamepanga foleni, kompyuta ya kuandikishia imekufa, na muuguzi ananiangalia. Ilichukua dakika kumi na tano kufuata kebo kwa kidole kutoka reki mpaka pachi paneli, ubao wa matundu zinakoishia kebo za vyumbani, ndipo nikajua kosa liko kwenye karatasi. Sitausahau usiku ule, na simlaumu kijana. Nawalaumu walioamua kwamba mchoro ni picha.

Sasa niseme kitu ambacho kingetuokoa kama tungeulizwa. Visio mpaka toleo la 2010 ilikuwa inahifadhi kwa .vsd, faili lililofungwa ambalo huwezi kulisoma kwa macho. Kuanzia toleo la 2013 likaja .vsdx, na hilo ni zipu, faili lililobanwa, iliyojaa maandishi ya XML, yaani maandishi ya kawaida yenye lebo. Mwenye shaka achukue nakala ya faili lake la .vsdx, abadilishe mwisho wa jina liwe .zip, alifungue. Ndani ya mafaili ya kurasa anwani zake za IP atazikuta zimeandikwa wazi. Maana yake ni kwamba kabla ya kufuta mashine ya mwisho, kazi ilikuwa kukaa na Visio yenyewe, kufungua kila .vsd na kulihifadhi upya kama .vsdx, halafu kutoa na PDF ya kulinganishia. Kazi ya siku tatu au nne. Siku nne tulinyimwa!

Kuhusu programu za kuchagua, nimezijaribu kwa miezi sasa. Visio ya Linux haipo, na hata wa Mac wasijidanganye: Word na Excel wanazo, lakini tangu Microsoft iinunue Visio mwaka 2000 haijatoa toleo la kusakinisha kwenye Mac. Ipo ya kwenye kivinjari kwa malipo ya kila mwezi, ila mimi nachora nikiwa kwenye vyumba vya sava vya chini ya ardhi ambako bando halishiki, kwa hiyo chochote kinachotegemea intaneti kwangu si chombo cha kazi. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya Visio tangu toleo la 3.5 la mwaka 2012, ni nzuri kwa kuangalia na kuchapa, lakini haikurudishii faili kwenda Visio, na wateja wetu wengine bado wanalidai. yEd inajipangia maboksi yenyewe vizuri mno, nimeipenda kwa michoro mikubwa iliyovurugika. Graphviz ni ya kuandika maandishi ikuchoree, inawafaa waandika programu, si fundi aliyesimama juu ya ngazi.

Nilipotua ni draw.io, ile ya kusakinisha. Inafanya kazi bila intaneti, ipo kwa Windows, Mac na Linux, inapokea .vsdx, na faili lake ni XML, hivyo hata ikifa kesho maandishi yangu nitayasoma. Hicho ndicho kipimo changu sasa. Ukiniletea programu, sitaki kuona ilivyo na maumbo mazuri. Nitachukua mchoro wetu mbaya kuliko yote, ule wa hoteli wenye kurasa tisa na tabaka nne, nitaufungua, nitasogeza swichi moja, nitabofya boksi moja. Mistari ikifuata na anwani ikitokea, tuongee.

Kwa wakubwa wa maofisi mnaosoma hapa: mnapopanga kuhama, mnakumbuka barua, mnakumbuka hesabu, mnakumbuka printa. Michoro mnaiona ni mapambo ya ukutani. Muiteni anayechora akae kwenye kikao cha kwanza. Akisema mashine moja ya zamani ibaki, ibaki, izimwe intaneti iwekwe kwenye kabati, lakini ibaki. Na gharama ya kuhamisha michoro iandikwe kwenye bajeti kama nyingine, maana sasa hivi naifanya mimi usiku bila malipo.

Nimepata laptopu ya mwenzetu aliyestaafu, ina Visio 2013 yenye leseni yake, amenikubalia niitumie nyumbani kwake. Nimeshageuza mafaili 190, yamebaki 212. Kuna yaliyochorwa na toleo la zamani zaidi yanayogoma kabisa. Mkuu yeyote aliyewahi kuokoa .vsd za namna hiyo na taarifa za ndani ya maboksi zikabaki salama, aandike hapa alifanyaje, hatua kwa hatua. Jumamosi narudi tena kwa mzee.