Mjadala: Je, Australia ilikosea kuachana na nyambizi za dizeli?

Mleta mada:
Wadau, najua wengi mtanipinga. Septemba 2021 Australia ilivunja mkataba wake na Ufaransa wa nyambizi 12 za dizeli na umeme, ikaungana na Marekani na Uingereza ili ipate zinazoendeshwa kwa nyuklia. Ufaransa ilikasirika hadi ikawaita nyumbani mabalozi wake wa Washington na Canberra. Gharama iliyotajwa Machi 2023 ni dola za Australia bilioni 268 hadi 368, mpaka katikati ya miaka ya 2050. Mimi nasema walikosea, na sababu yangu ni kelele.

Kinu cha nyuklia hakizimwi kama taa. Hata nyambizi ikitulia, joto lake lazima liondolewe, mvuke uzungushe mitambo, na sauti hiyo inaenea majini. Ya dizeli ya kawaida ikizama huzima injini zote, inabaki mota ya umeme inayokula betri. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mwaka 2005 Marekani iliikodi Gotland, nyambizi ya dizeli ya Sweden, ifanye nayo mazoezi huko San Diego. Ikapenya ulinzi wa USS Ronald Reagan, meli ya kubeba ndege, ikaipiga picha, ikaondoka bila kugunduliwa. Injini zake za ziada, za aina iitwayo Stirling, huchoma dizeli kwa oksijeni iliyobebwa ndani ya nyambizi, hivyo hukaa chini wiki mbili na zaidi bila kutafuta hewa. Nyambizi U-32 ya Ujerumani nayo, mwaka 2013, ilikaa chini siku 18.

Mchangiaji:
Ndugu yangu, hujatuambia Gotland ilifikaje California. Ilibebwa juu ya meli ya mizigo! Hizo wiki mbili unazozisifia ni kwa mwendo wa kilomita kama 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ikilazimishwa kukimbia kweli, betri inakwisha kwa saa chache. Halafu lazima ipande karibu na uso wa maji, itokeze bomba la hewa na kuwasha dizeli ili ichaji. Hapo rada inaliona bomba na sona, chombo cha kunasa sauti majini, inazisikia injini. Kimya chake ni cha kukopa, na deni linalipwa wakati wa kuchaji.

Sweden inalinda Baltiki, bahari ndogo ambayo adui anakuja mlangoni. Nyambizi za Australia hutoka karibu na Perth, na bahari zinazoihangaisha ziko maelfu ya kilomita kaskazini. Tazama vita vya visiwa vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, 1982. HMS Conqueror, nyambizi ya nyuklia ya Uingereza, iliondoka Uskoti mwanzoni mwa Aprili, ikaifuata General Belgrano, meli ya kivita ya Argentina, kwa zaidi ya siku nzima, na Mei 2 ikaizamisha. HMS Onyx, ya Uingereza pia lakini ya dizeli, ilifika mwishoni mwa Mei, vita vimebakiza majuma mawili. Mwenye dizeli huvizia tu, hawezi kumfukuza mtu.

Mleta mada:
La masafa nimelipokea, na la meli ya mizigo limenibana. Lakini vita hivyohivyo vinanipa shahidi wangu. San Luis ya Argentina, nyambizi moja ndogo ya dizeli, iliwasumbua Waingereza kwa majuma. Walirusha topido (makombora yanayosafiri chini ya maji) na mabomu ya majini mengi, hawakuipata. Kilichowaokoa ni kwamba topido zake zenyewe zilikuwa mbovu. Na Onyx uliyoitaja, ijapokuwa ilichelewa, ilitumika kushusha makomando pwani kwa sababu umbo lake dogo liliiwezesha kukaribia maji ya kina kifupi.

Basi nibadili swali langu. Australia ina nyambizi sita za aina ya Collins, zote za dizeli, na ya kwanza ilianza kazi mwaka 1996. Nyambizi ya kwanza ya nyuklia kutoka Marekani, ya aina ya Virginia, inatarajiwa mwanzoni mwa miaka ya 2030. Kwa fedha zote hizo, kwa nini zisitengwe za kununua nyambizi chache za kimya za kuvizia kwenye milango-bahari ya Lombok na Sunda huko Indonesia, huku za nyuklia zikiachiwa safari ndefu? Anayeona haiwezekani anieleze ni kwa lipi: fedha, mabaharia, au kuendesha aina mbili kwa pamoja?